SSMS ipi kwa seva ya zamani? Laptopu naichukua Jumamosi

kimara_mwisho: Wakuu habari za leo. Bosi katoa hela ya laptopu, naifuata Kariakoo Jumamosi, ina Windows 11. Niweke SSMS (programu ya Microsoft ya kusimamia database za SQL Server) mpya kabisa, ile ya 18, au DBeaver, programu nyingine ya kazi hiyohiyo? Seva ya ofisi ni ya zamani kidogo.

dada_wa_data: Zamani kidogo ndo ipi kaka? Piga SELECT @@VERSION, amri ya kuonyesha toleo la seva, ubandike jibu hapa, la sivyo tunapiga ramli.

bakapu_kwanza: DBeaver tu mkuu, ya bure na haichagui seva.

dada_wa_data: SSMS nayo bure. Na kama ana jobs za Agent (kazi ambazo SQL Server inajiendesha kwa ratiba), kwenye DBeaver atazifuata kwa kuandika kweri, yaani amri za SQL.

kimara_mwisho: Samahani, ni SQL Server 2008 R2.

dada_wa_data: Basi SSMS 18, yenyewe inakubali SQL Server za 2008 mpaka 2019. SSMS 20 inaanzia SQL Server 2014, halafu enkripsheni imewekwa lazima tangu mwanzo, cheti cha seva kisipoaminika inagoma mpaka uibadilishe kwenye dirisha la kukonekti.

fundi_tabata: Tool sio tatizo kubwa jamani. Nilikuwa nahudumia duka moja la dawa za jumla, seva 2008 R2 kama hiyo, kwangu nina SQL Server 2019, nikabeba faili la mdf lenyewe, ndo lenye data yote, nikaliatachi kwangu usiku nilisafishe, asubuhi nalirudisha kwao linakataa, kumbe ukiliatachi kwenye toleo la juu linapandishwa hapohapo na halishuki tena, hata compatibility level (mpangilio wa kufuata tabia za toleo la zamani) ikibaki 100, ile ya 2008. Bakapu ilikuwa ya siku tatu nyuma. Tulikaa na kina dada wa kaunta siku mbili tunaingiza mauzo upya kutoka nakala za risiti za EFD. Mpaka leo naumia nikikumbuka.

dada_wa_data: Pole sana. Ila ungeenda Generate Scripts ndani ya SSMS, inayotoa database kama amri za SQL, ukachagua toleo la 2008 R2, schema (muundo wa majedwali) pamoja na data, ungeokoa kila kitu.

fundi_tabata: Sikuijua kipindi kile dada.

posta_mpya: 2008 R2 iliisha sapoti Julai 2019, mnajadili kioo cha gari bovu. Hamieni PostgreSQL, mfumo mwingine wa database, hauna leseni ya kulipia.

bakapu_kwanza: Na mfumo wa mauzo uliotengenezewa SQL Server nani ataandika upya? Kimara, seva ina UPS? Umeme ukikatika katikati ya bakapu je?

kimara_mwisho: UPS ipo ila betri imechoka, inashika dakika nne hivi.

posta_mpya: Nunua betri kabla ya laptopu.

kimara_mwisho: Hela imetoka kwa ajili ya laptopu mkuu. Vipi, RAM 8 itatosha au nikomae na 16?