Chekechea ya Montessori, ya Reggio au ya kawaida: mtoto anaanza Januari

MamaNaila: Wakuu, habari za jioni. Natafuta chekechea ya mtoto, aanze Januari. Nimebakiwa na tatu: moja imeandika Montessori getini, ya pili inasema inafuata Reggio Emilia, ya tatu ni ya kawaida, watoto wanarudi na madaftari. Ada hazipishani sana, na zote zinasema mtoto anajifunza kwa vitendo. Tofauti hasa ni nini?

Kisarawe77: Umri? Unakaa wapi? Na darasa la kwanza atasoma Kiswahili au Kiingereza? Bila hayo tutapiga ramli tu.

MwalimuAwali: Wakati tunasubiri majibu, dada, ngoja nieleze. Maria Montessori alikuwa daktari, akafungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907. Watoto wa miaka 3 hadi 6 wanakaa darasa moja. Vifaa viko kwenye rafu fupi, mtoto anachagua, anatandika mkeka, anafanya, anarudisha mahali pake. Kifaa chenyewe ndicho kinamsahihisha: kwenye kibao chenye matundu ya silinda 10 za unene tofauti, akichomeka nyembamba kwenye tundu pana, mwishoni anabaki na silinda isiyoingia popote. Anarudi nyuma mwenyewe kutafuta alipokosea, mwalimu hajasema neno. Ndiyo maana asubuhi inatakiwa iwe na karibu masaa 3 yasiyokatwakatwa na kengele.

Reggio ni mji wa kaskazini mwa Italia. Shule zake zilianza baada ya vita, mwaka 1945, na Loris Malaguzzi ndiye aliyezijengea fikra. Huko hakuna seti ya vifaa. Kazi inatoka kwenye swali la watoto. Mvua imejaza dimbwi uwanjani: wanapima kina kwa fito, wanachora, wanachimba mfereji, wanaona maji yanakwenda wapi, na kazi hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Mwalimu anaandika maneno yao na kupiga picha za hatua zote. Omba uonyeshwe kumbukumbu hizo. Kama ukutani kuna mabango ya katuni ya Kariakoo tu, jina lipo, kazi haipo.

RafuFupi: Nyongeza muhimu: jina Montessori halina mwenyewe. Yeyote anaweza kuliandika getini. Kuna kituo kimoja, sikitaji, walinunua seti nzima wakaifungia kwenye kabati la vioo ili isipotee. Funguo anazo meneja. Siku ya wazazi kutembelea vinatolewa, watoto wanapangwa wapigwe picha, saa 6 mchana vinarudi kabatini. Siku nyingine zote wanakariri "a e i o u" kwa pamoja na kunakili ubaoni. Mzazi akiuliza anaonyeshwa zile picha. Shida ilianzia kwa walimu: hawakuwahi kufundishwa kuonyesha kifaa polepole, kwa mikono, bila maneno mengi. Watoto walipoachiwa wakageuza vijiti kuwa panga, uongozi ukaamua kufunga.

Kwa hiyo nenda saa 3 asubuhi, siku ya kazi, kaa nusu saa. Watoto wote wakiwa wanafanya kitu kimoja kwa wakati mmoja, shukuru, ondoka.

BabaMapacha: Mnamdanganya dada wa watu. Shule nyingi za Kiingereza zinampa mtoto usaili wa la kwanza, aandike jina na namba. Madaftari ndiyo yanayomvusha. Ya kawaida.

MwalimuAwali: Mkuu, kuandika kunaanza kwenye vidole. Kubana kishikizo cha silinda kwa vidole vitatu ni mkao uleule wa kushika penseli. Halafu anapapasa herufi za msasa, yaani zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa na kubandikwa kibaoni, huku anatamka sauti: "mmm", siyo "em". Mtoto wa miaka 3 ukimpa mistari kumi ya "a", anashika penseli kwa ngumi, na tabia hiyo kuiondoa baadaye ni kazi.

MamaNaila: Samahani, nilikuwa barabarani. Ana miaka mitatu na nusu, tunakaa Segerea, Dar. Ya Montessori iko Mbezi Beach, hizo mbili ziko huku huku.

Kisarawe77: Mbezi Beach! Basi litampitia saa 11 alfajiri. Atafika amelala, na ile asubuhi ya kazi inaishia kwenye usingizi. Futa hiyo.

RafuFupi: Siyo lazima afute. Aulize basi linaanzia wapi na mtoto wake ni wa ngapi kupandishwa.

BabaMapacha: Awali kwa mujibu wa sera ni mwaka mmoja tu kabla ya la kwanza. Akae nyumbani hadi afike huko.

MwalimuAwali: Kukaa nyumbani si vibaya, vifaa vingine vinatengenezeka. Seremala wa Keko anaweza kuchonga mnara wa michemraba 10, sentimita 1 hadi 10. Kuukagua: panga yote kwa kufuata kona moja, kisha weka ule wa sentimita 1 kwenye kila ngazi. Usipokaa sawasawa, fundi hakuhesabu unene wa msumeno. Na huo mdogo usiuache karibu na mtoto wa chini ya miaka 3, unakaba koo.

MamaNaila: Na herufi za msasa? Nimejaribu, zinabanduka.

RafuFupi: Gundi gani? Msasa gani?

MamaNaila: Gundi nyeupe ya mbao, msasa wa kawaida wa karatasi.

RafuFupi: Unyevu wa Dar huo. Chukua msasa wa maji, namba 120 au 150. Namba 60 unachubua vidole, mtoto hatagusa tena. Tumia gundi ya viatu: paka pande zote mbili, subiri isishike kidole, kisha kandamiza. Vokali ziweke kwenye vibao vya bluu, konsonanti vyekundu. Na "sh", "ny" na "ng'" kila moja ipate kibao chake, maana ni sauti moja.

BabaMapacha: "Mb" je?