Ushauri: chembe nano za kitosani hazishiki siprofloksasini

Kitosani_Kwanza
Wakuu, naombeni msaada. Natengeneza chembe nano za kubeba antibiotiki ya siprofloksasini, nalenga bakteria Staphylococcus aureus. Kitosani (polima itokayo kwenye maganda ya kamba) mg 1/ml kwenye asidi ya asetiki 1%, pH 4.8, siprofloksasini hidrokloridi inayeyushwa humo humo, kisha tripolifosfeti (chumvi yenye chaji hasi inayoifunga kitosani kuwa chembe) mg 1/ml inadondoshwa taratibu kwenye kikorogeo cha sumaku, kitosani kwa tripolifosfeti 3:1. Baada ya sentrifuji dawa karibu yote iko kwenye maji ya juu, mashapo yamegoma kutawanyika tena, na kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) duara lisilo na bakteria ni dogo kuliko la dawa peke yake. Nimwage nianze upya?

MtuWaChaji
Usiongeze dawa, itabaki nje vilevile. Kwa pH hiyo siprofloksasini ina chaji chanya, na kitosani nayo ni chanya. Zinafukuzana, halafu tripolifosfeti inakimbilia kitosani. Unahitaji kitu chenye chaji hasi cha kuishika dawa, na aljinati (polima ya mwani) inafaa. Yeyusha dawa kwenye ml 9.5 za aljinati 0.06%, pH kama 5. Dondosha ml 0.5 za kalsiamu kloridi mM 18 huku ukikoroga kwa nguvu, kisha ml 2 za kitosani 0.05%. Ukiona nyuzi au mabonge kabla ya kitosani, kalsiamu imezidi au umemimina haraka. Unachotaka ni ukungu mwepesi wa samawati, si maziwa. Kumbuka pia dawa hii hushikana na kalsiamu, kwa hiyo osha chembe vizuri kabla ya kupima nguvu yake.

Mzee wa Sentrifuji
Mashapo yanagoma kwa sababu chembe zimegandamizwa zikashikana. Weka tone la gliserini chini ya mrija kabla ya kuzungusha, na punguza kasi. Ukikausha kwa kugandisha, tangulia na trehalosi 5% (sukari inayolinda chembe), la sivyo utapata unga usiorudi kuwa chembe. Dawa ya maji ya juu isome kwenye spektrofotometa kwa mwanga wa nm 277, ila sifuri ya mashine iwe maji ya juu ya chembe zisizo na dawa, si maji matupu.

Bakteria na Mchuzi
Duara la agari liache kabisa! Linapima dawa inavyosambaa, na chembe nano hazipenyi agari kama molekuli huru. Tumia mchuzi wa Mueller-Hinton (kimiminika cha kuoteshea bakteria) kwenye sahani ya visima 96: bakteria 5×10⁵ kwa ml, nyuzi 35, saa 16 hadi 20. Weka aina ya ATCC 29213, yaani S. aureus ya kulinganishia. Siprofloksasini peke yake lazima iizuie kati ya µg 0.12 na 0.5/ml, ikitoka hapo jaribio lote ni batili. Lazima kuwe na visima vya chembe zisizo na dawa, maana kitosani yenyewe huua bakteria. Mchuzi una pH kama 7.3, kitosani hupoteza chaji na kuganda, kisima kinakuwa cheupe kana kwamba bakteria wameota. Kwa hiyo tia resazurini (rangi inayobadilika bakteria wakiwa hai), au hesabu makoloni.

Kitosani_Kwanza
Kipimo cha kisima nikihesabu kwa uzito wa unga wote?

Bakteria na Mchuzi
Hapana. Kwa dawa iliyofungwa ndani tu.