Seva inakufa katikati ya msimu wa korosho, fundi anasingizia umeme wa Mtwara

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Natunza mfumo wa ghala la korosho hapa Mtwara. Seva ya Linux, databesi ya MySQL (programu inayohifadhi data zote), rami, yaani memori ya kufanyia kazi, GB 8. Tangu msimu ufunguliwe databesi inakufa, na inakufa saa zilezile foleni ya mizani imejaa. Juzi bibi mmoja wa Nanguruwe alishinda juu ya magunia yake mpaka magharibi, karatasi ya uzito kaifunga kwenye pindo la kanga, anasubiri tumwingize kwenye mfumo. Nilikosa hata la kumwambia.

Kampuni iliyotufungia mfumo imeleta fundi mara tatu. Zote tatu anawasha upya, anaandika "hitilafu ya umeme", anaondoka. Jamani, umeme ukikatika si seva nzima inazima? Nilipiga uptime, amri inayoonyesha seva imewaka muda gani bila kuzima, mbele ya macho yake, ikasoma siku 23 mfululizo. Akanijibu, "Kaka, umeme wa huku mnaujua wenyewe."

Logi ya MySQL, yaani daftari lake la matukio, aliifungua, akasema haina kitu. Hiyo ndiyo dalili yenyewe! Databesi ikizimwa vizuri inaaga kwenye logi. Hii inakatika ghafla, mstari unaofuata tayari inawaka na kufufua data. Imeuawa bila kupewa nafasi ya kuandika neno. Nenosiri la root, akaunti kuu ya seva, nimelibembeleza wiki mbili. Nilipolipata, dmesg -T, amri inayosoma ujumbe wa kerneli (kiini cha Linux), ilinipa jibu hata dakika haijaisha: "Out of memory: Killed process", na jina la mysqld pembeni. Memori iliisha, kerneli ikamchinja mlaji mkubwa. Wao wenyewe waliweka innodb_buffer_pool_size, memori ambayo MySQL inajitengea, GB 6, wakapachika na programu yao ya Java kwenye mashine hiyohiyo, swapu (nafasi ya diski ya kusaidia memori ikijaa) sifuri!

Na mara ya tatu fundi alitaka kuweka innodb_force_recovery, njia ya dharura ya kulazimisha databesi iliyoharibika iwake, kwenye ngazi ya 6, nakala ya akiba hajachukua. Mwongozo wa MySQL unaonya kwamba kuanzia 4 unaweza kuharibu data moja kwa moja. Data za wakulima, jasho la mwaka mzima! Nilimwinua kwenye kiti.

Ile buffer pool nimeishusha hadi GB 3, nimeweka swapu ya GB 2. Leo siku ya tano haijaanguka.

Sasa wameleta ankara ya ziara tatu za "umeme", iko mezani inasubiri sahihi yangu. Siisaini.