Mjadala: Wanafunzi wa Lubumbashi wapimwe pombe kwa bangili au kwa simu?

Tuseme wanafunzi wa Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, waliojitolea wanafuatwa wiki mbili, unywaji ukirekodiwa unapotokea. Kwa chombo gani?

Muganga wa Katuba: Bangili. Ukimuuliza mtu Jumatatu alikunywa ngapi Jumamosi, anakumbuka chupa za mwanzo tu. Asilimia 1 hivi ya pombe hutoka kupitia ngozi, na bangili hunasa mvuke huo. Bangili iitwayo Skyn, ya mkononi, husoma kila sekunde 20.

Asistenti wa takwimu: Dokta, pombe ya ngozini huchelewa nyuma ya ile ya damu nusu saa, pengine zaidi ya saa mbili. Kisha manukato na dawa ya mikono nazo husomeka. Pombe iliyonywewa hupanda taratibu na kushuka kwa saa kadhaa. Ya manukato hupanda ghafla na kuisha upesi. Usipozichuja, asiyekunywa ataandikwa amelewa. Na umeme ukikatika, bangili ikazimika, pengo hilo lisihesabiwe sifuri! Angalieni joto la ngozi: ndilo linaloonyesha kama ilivaliwa.

Mimi nasema simu: maswali matatu kwa saa zisizotabirika jioni, majibu yahifadhiwe simuni hadi mtu apate mega za intaneti. Ila msiulize "chupa ngapi". Chupa ya sentilita 72, bia ya asilimia 5, ina gramu 28 za pombe, karibu vipimo vitatu vya gramu 10. Tena chupa ya mezani hugawanywa. Ulizeni glasi, mkionyesha picha ya glasi yenyewe.

Muganga wa Katuba: Na lutuku, pombe kali ya kienyeji? Nguvu yake hubadilika kwa kila mpishi.

Asistenti wa takwimu: Nunueni sampuli mahali wanapokunywa, mpime nguvu yake kwa alkometa, kipimo kinachoelea ndani ya pombe, ikiwa na joto la nyuzi 20. Yenye sukari au rangi ikenekwe upya kwanza, yaani ichemshwe na mvuke wake ukusanywe, la sivyo alkometa itasoma chini.

Delege wa promosyo (mwakilishi wa wanafunzi wa mwaka wake): Yaya, mnabishania vyombo, sisi tunauliza nani atasoma. Majina yatenganishwe na namba, mahali pasirekodiwe, na anayejitoa asiulizwe sababu. Kamati ya nidhamu ikipata hata orodha moja, bangili zitabaki kitandani na simu zitajibiwa "sikunywa".

Muganga wa Katuba: Hapo umenishinda, mdogo wangu. Funguo za majina zikae nje ya chuo. Lakini bado nataka wachache wapulize kwenye kipimo cha pumzi, dakika 15 baada ya glasi ya mwisho, maana pombe iliyobaki mdomoni hudanganya.

Delege wa promosyo: Wapulize, ila wajionee namba yao kwanza.