Gemu ya watu mia nacheza peke yangu, nimechoka kabisa

Ndugu zangu nimekasirika na leo nasema yote. Hii gemu ya vita ya kwenye simu, ile mnaruka na parachuti watu mia anabaki mmoja, msimu huu karibu kila misheni yenye zawadi ya maana wameiweka kwenye sikwadi ya watu wanne. Inua mwenzako mara 20. Mimi niko Walukuba, Jinja, peke yangu na simu yangu, nitamuinua nani??

Na msiniambie tafuta marafiki, nilikuwa nao. Tulianza wanne 2019, enzi za ile kodi ya OTT, ya kutumia mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, Julai 2021 ikaondolewa wakaweka 12% juu ya data yenyewe, mmoja akasema bando halimtoshi, mwingine akaoa, wa tatu simu ikajaa, kila apdeti inataka nafasi, akaifuta. Nikabaki mimi.

Sasa sikilizeni. Ukiwa na wenzako ukipigwa unaanguka, unatambaa, mtu anakuja mbio anakuinua mnaendelea. Peke yako hakuna kutambaa, umekufa, rudi lobi, pale pa kungojea mechi. Hiyo navumilia, ni ngumu lakini ni vita. Kinachonimaliza ni boti, wachezaji bandia wanaoendeshwa na gemu yenyewe. Watu wakiwa wachache gemu inajaza mechi na boti, inawapa majina kama ya watu, unamkuta amesimama katikati ya uwanja anafyatua pembeni, anageuka polepole, unamuua, wa pili hivyohivyo, wa kumi hivyohivyo. Jana nimeua 19 nikashika namba moja huku napiga miayo. Nimeshinda nini banange? Hakuna aliyekuwa ananiwinda, hakuna aliyeumia nilipomuua, hakuna hata wa kumwambia kwenye maiki yuko nyuma ya jiwe.

Babu yangu alikuwa mtu wa omweso, bao letu la mashimo 32 kete 64, sijamuona hata siku moja amekaa peke yake anachezea pande zote mbili. Hata ule mchezo wa karata tunaouita matatu, pale steji ya boda, utamu wake ni yule wa mbele yako, unamuona uso unavyobadilika.

Nikawaandikia watu wa gemu, wakajibu chagua seva nyingine yenye watu. Ipi? Uganda hatuna bahari, intaneti yetu nyingi inapita Kenya mpaka Mombasa ndio iingie kwenye nyaya za chini ya bahari, mimi nikienda seva ya Ulaya pingi, yaani ucheleweshaji wa mtandao, ni milisekunde 180, ya Asia 250 inapanda, nafyatua adui ameshajificha zamani. Sio kwamba sijui kucheza, nachelewa kufika!

Naomba misheni za msimu ziwe na njia ya solo kwa solo, watu wa kweli, hata kama ni kungoja dakika tano kwenye lobi nitangoja. Na boti waandikiwe kwamba ni boti, mtu ajue anashindana na nani, maana nimepoteza miezi nikidhani nimepanda ranki kwa mikono yangu na hilo ndilo linaniuma kuliko yote.

Kama kuna mtu yuko Kampala, Mbale, Arua, hata Kisumu huko, anaingia kuanzia saa tatu usiku na ana maiki, aseme hapa chini. Ranki yako siulizi. Nafasi ziko tatu.