Uzamili wa Masomo ya Ulaya: Erasmus Mundus, Ujerumani, Leuven au Chevening?

Mkwakwani (mwanzisha mada)
Wakuu, heshima kwenu. Naomba tulinganishe njia za kusoma uzamili wa Masomo ya Ulaya (European Studies) kwa mtu aliyepo Tanga mjini. Ana shahada ya sayansi ya siasa, GPA 3.6, Kiingereza kizuri; Kifaransa na Kijerumani hana. Zilizo mezani ni Erasmus Mundus, yaani uzamili wa pamoja wa vyuo kadhaa unaofadhiliwa na Umoja wa Ulaya (hasa programu ya Euroculture), Chuo Kikuu cha Viadrina kule Ujerumani, KU Leuven ya Ubelgiji, na Uingereza kwa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza. Familia haiwezi kulipa ada ya Ulaya. Mtu asijibu "inategemea" akaishia hapo. Aseme inategemea nini.

BintiPangani
Kama pesa ya familia haipo, panga kwa kuangalia nani analipa, halafu ndipo uangalie jina la chuo. Kwa kipimo hicho Erasmus Mundus inakaa juu. Ufadhili wake unafuta ada na kumpa mwanafunzi yuro 1,400 kwa mwezi, hadi miezi 24. Watu wengi hawasomi mstari unaofuata: hiyo 1,400 ndiyo nauli, ndiyo viza, ndiyo kodi ya chumba, ndiyo chakula. Hakuna fungu la pembeni la tiketi. Kwa kawaida malipo ya kwanza huja ukishafika na kufungua akaunti kule, kwa hiyo lazima uwe na pesa ya tiketi, viza na wiki chache za mwanzo, pamoja na amana ya chumba. Wapo wanaopata nafasi Aprili na kuhangaika Agosti kwa sababu hiyo tu.

Euroculture inaratibiwa na Groningen, Uholanzi, na ina vyuo washirika Göttingen, Uppsala, Kraków, Olomouc, Strasbourg, Udine na Bilbao (Deusto). Ni miaka miwili, krediti 120 za ECTS (mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya), na utasoma katika nchi zaidi ya moja. Imeegemea utamaduni, utambulisho, kumbukumbu za historia na siasa zake. Mtu wa sayansi ya siasa anayetaka taasisi za Brussels, kura za Bunge la Ulaya na sheria za soko la pamoja atajiona yuko ugenini. Huyo amfuate Charles University ya Prague kwenye programu ya European Politics and Society, iliyo pamoja na Kraków, Leiden na Pompeu Fabra ya Barcelona.

Maombi mengi ya Erasmus Mundus hufunguliwa kuanzia Oktoba na kufungwa kati ya Desemba na Februari. Mwisho ukiandikwa saa 23:59 ya Ulaya ya Kati wakati wa baridi, kwetu ni saa 7:59 usiku. Usiisubiri hiyo saa ukitegemea umeme wa Chumbageni.

Kaole_Magofu
Nipo Bagamoyo. Nitaongelea Ujerumani tu, mengine wapo wanaoyajua zaidi.

Viadrina ipo Frankfurt (Oder), mpakani na Poland, siyo Frankfurt ile ya mabenki. Ina shahada ya uzamili ya European Studies na ni chuo cha serikali, hivyo hakuna ada ya masomo. Unalipa mchango wa muhula. Ujerumani nzima haiko hivyo. Jimbo la Baden-Württemberg linatoza wasio raia wa Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017, kwa hiyo ukiona Heidelberg, Tübingen au Freiburg, weka hesabu hiyo.

"Bila ada" ndilo neno linalowapoteza watu. Viza ya mwanafunzi inataka uthibitisho wa pesa ya kujikimu, na njia ya kawaida ni Sperrkonto, akaunti inayozuiliwa. Tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904 kwa mwaka, na kila mwezi unaruhusiwa kutoa 992. Pesa hiyo inatakiwa iwemo kabla ya viza, siyo baada ya kufika. Kwa familia ya Mkwakwani huo ni ukuta uleule wa ada, umepakwa rangi nyingine. Njia ya kuuruka ni barua ya ufadhili, mfano ya DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ambayo inakubaliwa badala ya akaunti.

Sasa GPA. Wajerumani hutumia kanuni wanayoiita ya Bavaria: chukua alama ya juu kabisa, toa alama yako, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwa mfumo wetu wa 5.0, alama ya chini ikichukuliwa kuwa 2.0, GPA 3.6 inakuwa hivi: 1.4 gawa kwa 3, mara 3, jumlisha 1. Jibu 2.4. Programu nyingi huweka mpaka kwenye 2.5, kwa hiyo 3.6 inapita kwa upenyo mdogo. GPA 3.5 inatoa 2.5 kamili, na 3.4 inatoa 2.6, imekwama. Kwao alama ndogo ndiyo nzuri, usishtuke.

Kosa jingine ni krediti. Shahada yetu ya miaka mitatu ni krediti 360 za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), kila moja saa 10. ECTS moja ni saa 25 hadi 30. Ukigawanya saa kwa saa utapata ECTS 120 hadi 144 na utajiondoa mwenyewe, maana wao wanataka 180. Hesabu inayofuatwa ni ya mwaka wa masomo: mwaka mmoja wa muda wote ni ECTS 60, mitatu ni 180. Usijaze namba uliyoikokotoa kichwani. Weka transkripti pamoja na ukurasa wa chuo unaoeleza mfumo wa krediti na madaraja, kisha waachie wao.

Vyuo vingi hupokea maombi kupitia uni-assist, ofisi ya pamoja ya kukagua maombi: yuro 75 kwa ombi la kwanza, 30 kwa kila linaloongezeka muhula huohuo. Malipo yakichelewa kuingia, faili halifunguliwi hata kama nyaraka zilifika mapema.

Amboni_77
Mkuu Kaole umeua. Hiyo ya krediti ibandikwe juu ya jukwaa.

MwaChongoleani
Naongeza Leuven na Chevening, na nitapinga kidogo.

KU Leuven ni mwaka mmoja, ECTS 60, na Brussels iko karibu nusu saa kwa treni. Ubora wake hauna mjadala. Ila kwa mtu asiye na mfadhili mwaka mmoja ni mtego: Septemba unaingia, kabla ya Krismasi unatakiwa uwe na mada ya tasnifu na msimamizi, Januari mitihani. Hakuna nafasi ya kupoteza miezi mitatu ukizoea. Unamfaa anayefika na mada tayari kichwani. Asiye nayo aende kwenye miaka miwili.

Chevening nayo ni mwaka mmoja na inalipa karibu kila kitu. Masharti yanayoangusha watu: saa 2,800 za kazi (kama miaka miwili), kozi tatu lazima uzichague mwenyewe na kuziombea vyuoni kando, na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. Dirisha hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba. Kijana aliyemaliza chuo juzi asipoteze muda. Saa za kujitolea na mafunzo kazini zinahesabika, lakini zijumlishe kwa uaminifu.

Pingamizi langu kwa BintiPangani: mada ndiyo ianze, mfadhili afuate. Kamati inasoma barua mia za "napenda sana utamaduni wa Ulaya". Mtu wa Tanga ana mada mlangoni ambazo mwenzake wa Madrid hana. Bomba la mafuta la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima, linaishia Chongoleani. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulikosoa. Azimio hilo halifungi kisheria, na hapo ndipo swali la utafiti lilipo: Bunge lisilo na mamlaka juu ya mradi linasukumaje kampuni, benki na bima? Upande wa pili, kwa kuwa mwenye hisa kubwa ni TotalEnergies ya Ufaransa, kuna sheria ya Ufaransa ya 2017 ya wajibu wa uangalizi wa kampuni, na agizo la Umoja wa Ulaya la 2024 lenye mwelekeo huohuo. Hiyo ni tasnifu nzima.

Au biashara. Majadiliano ya EPA (mkataba wa ubia wa kiuchumi) kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya yalikamilika 2014, Kenya na Rwanda zikasaini 2016, Tanzania ikakataa. Kenya ikaenda peke yake: ikasaini Desemba 2023, mkataba ukaanza kutumika Julai 2024. Tanzania haikufungiwa mlango, kwa sababu kama nchi yenye maendeleo duni inaingiza bidhaa Ulaya bila ushuru kwa mpango wa Everything But Arms wa 2001. Kenya haina kinga hiyo. Anayeandika "Tanzania iliogopa viwanda vyake" bila kutaja tofauti hii ataulizwa swali la kwanza tu na kunyamaza.

BintiPangani
Kaka MwaChongoleani, nakubali kuhusu barua, sikubali kuhusu mpangilio. Mada nzuri bila pesa inabaki Raskazone ikitazama bahari. Lakini nikupe nyongeza: kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 dhidi ya ukataji misitu inagusa ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Mkonge na chai havimo. Kwa hiyo mtu wa Tanga akitaka mada hiyo aangalie mitiki ya Longuza pale Muheza au kahawa ya Usambara, asilazimishe mkonge. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, na kuahirishwa kwenyewe ni mada.

Kaole_Magofu
Kwa wanaopenda historia: Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, na majalada ya wizara yao ya makoloni yapo Bundesarchiv, Berlin-Lichterfelde, fungu R 1001. Mengine yapo Nyaraka za Taifa, Dar. Tatizo ni mwandiko: mengi yameandikwa kwa Kurrent, mwandiko wa zamani wa Kijerumani, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Kijerumani cha B1 (ngazi ya kati) hakikufikishi popote hapo. Bila lugha, chagua mada ya mikataba ya sasa.

Ngamiani_Barabara_ya_12
Mmesahau Sweden. Göteborg ina European Studies ya miaka miwili, Lund ina European Affairs. Ombi moja kwa universityadmissions.se, krona 900, hadi programu nne kwa mpangilio wa unavyozipenda, katikati ya Oktoba hadi katikati ya Januari. Ufadhili wa Swedish Institute huombwa Februari na unataka saa 3,000 za kazi. Hakikisha kwanza programu yako imo kwenye orodha yao ya mwaka huo. Isipokuwemo hupati hata ukiwa wa kwanza Tanzania.

Mkwakwani
Shukrani sana. Na Chuo cha Ulaya cha Bruges? Na kwa asiye na saa za kazi, asubiri tu?

MwaChongoleani
College of Europe (Bruges, Natolin, na sasa Tirana) ni miezi kumi, chumba na chakula vimo kwenye ada, ila ada ni nzito na ufadhili mwingi unaelekezwa kwa nchi jirani za Umoja wa Ulaya. Asiye na Kifaransa Bruges ataumia. Mimi ningeliweka la mwisho.

Asiye na saa za kazi asikae bure. Chuo cha Diplomasia Kurasini kina stashahada za uzamili za uhusiano wa kimataifa. Haitoi jina la Ulaya, lakini inatoa mwalimu wa kuandika barua ya mapendekezo inayoeleza kazi yako ya juzi badala ya insha ya mwaka wa pili. Wakati huohuo aanze Kifaransa. Erasmus Mundus nyingi hazidai uzoefu wa kazi, kwa hiyo Oktoba aombe hizo mbili, ya Prague na Euroculture, kila moja na barua yake. IELTS, mtihani wa Kiingereza, afanye Septemba Dar, maana cheti hudumu miaka miwili na nafasi za Novemba huwahi kujaa.

Kaole_Magofu
Na jina. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA, transkripti na pasipoti vifanane herufi kwa herufi. "Mohamedi" hapa na "Mohamed" kule vinarekebishwa kwa hati ya kiapo sasa, siyo dirishani ubalozini mwezi Julai.