Naomba ushauri: rangi ya nywele na hofu ya saratani

Mama wa Kibokoni:
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 51, na tangu mvi ziliponianza nimekuwa nikipaka rangi nyeusi ya kudumu kila baada ya wiki sita. Mwaka jana dada yangu alipatikana na saratani ya matiti, na sasa binti yangu ananisihi niache rangi kabisa. Shoga yangu naye anasema nihamie piko, eti ni hina tu na haina madhara. Nimsikilize nani?

Msusi wa Majengo:
Waalaykumu salaam, dada. Piko si hina, ijapokuwa zote mbili huwapamba mabibi harusi wetu. Hina ni majani yaliyosagwa na rangi yake ni wekundu. Piko ni rangi ya nywele, na weusi wake hutokana na kemikali iitwayo PPD, ambayo nimeona ikiwatoa watu malengelenge. Ukihamia piko hujahama popote.

Muuguzi Mstaafu:
Dada, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kazi ya ususi miongoni mwa mambo ambayo huenda yakasababisha saratani, hasa ya kibofu (msusi wetu asisahau glavu), lakini kwa anayejipaka mwenyewe limeona ushahidi hautoshi kuamua. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020, uliowafuatilia wauguzi wanawake 117,200 kwa miaka 36, haukuona ongezeko katika saratani nyingi. Ule wa 2019 ndio unaokuhusu zaidi, kwa sababu wanawake wote 46,709 walikuwa, kama wewe, na dada aliyeugua saratani ya matiti: kwa wanawake weusi waliotumia rangi ya kudumu, hatari ilizidi kwa asilimia 45. Usidhani kwamba 45 kati ya 100 waliugua. Maana yake ni kwamba, kwa mfano, pale ambapo wangeugua 20 kati ya 1,000, wangeugua 29; na hata hivyo wanawake weusi walikuwa wachache katika utafiti huo, na uhusiano peke yake hauthibitishi chanzo. Rangi zisizo za kudumu hazikuonyesha ongezeko la kutajika. Mimi ningepunguza, lakini kwanza ningekwenda kupigwa picha ya matiti, kwani ugonjwa wa dada yako una uzito kuliko pakiti yoyote ya rangi.

Mama wa Kibokoni:
Ahsanteni sana. Kesho nitakwenda hospitali na binti yangu, na piko nitamrudishia mwenyewe. Je, hina juu ya mvi itatoa rangi gani?

Msusi wa Majengo:
Rangi ya chungwa, dada, kama ndevu za wazee wetu.